Kilemba cha Dola Bilioni 1.65: Google Ilipoinunua YouTube, Ilinunua Nini Hasa?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni fundi simu hapa Morogoro, na nina chaneli ya YouTube ninayofundishia kubadilisha vioo na kufufua simu zilizozima. Nina wafuatiliaji 800 na ushee. Juzi kijiweni tumebishana mpaka jua likazama. Jamaa mmoja anasema vijana walioanzisha YouTube walipewa na Google dola bilioni moja na nusu na zaidi, taslimu, wakaenda zao kula maisha. Mwingine anasema Google walipigwa, maana kampuni yenyewe haikuwa hata na faida. Tumewekeana chipsi kuku. Ukweli ni upi? Google walinunua nini hasa? Na kama wasingenunua, sisi wenye chaneli ndogo tungekuwa wapi? Nauliza kwa sababu video yangu moja imewekewa dai la hakimiliki, eti redio ilikuwa inaimba kwenye kibanda cha jirani wakati narekodi.

JIBU: Marahaba, fundi. Jamaa wa kwanza kakosea, wa pili kapatia nusu. Lakini kabla ya kufika Marekani, nipitishe kwanza Kariakoo.

Nikiwa bado mwanafunzi, mjomba wangu alichukua fremu Mtaa wa Kongo, ya kuuzia vitenge. Kodi ya mwenye nyumba ilikuwa habari nyingine. Kwanza ilibidi ampe mpangaji anayetoka hela ya kilemba, na ilikuwa hela ndefu. Siku ya makabidhiano nilikwenda naye. Nikaona kuta zilizobabuka rangi, rafu za mbao zenye misumari iliyochomoza, na kabati la kioo lenye ufa. Nikawa najiuliza kimoyomoyo, pesa yote ile ni ya takataka hizi? Basi tukiwa bado tunahesabu funguo akaingia mama mmoja na kikapu chake. Hakutazama hata nani yuko kaunta. Alikwenda moja kwa moja rafu ya kushoto, akaanza kuvuta vitenge na kuvikunjua, kama mtu anayefungua kabati la nyumbani kwake. Alikuwa amezoea. Mjomba alilipia mazoea ya yule mama, na ya wenzake mia kadhaa waliokuwa wanaijua ile njia.

Sasa twende Marekani. Tarehe 9 Oktoba 2006 Google ilitangaza kwamba inainunua YouTube kwa dola bilioni 1.65. Mauzo yakakamilika katikati ya Novemba mwaka uleule. YouTube wakati huo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane tu, ukihesabu tangu jina lake lilipoandikishwa tarehe 14 Februari 2005. Wafanyakazi walikuwa sitini na kitu. Ofisi yao ya awali, katika mji wa San Mateo, ilikuwa ghorofani juu ya duka la piza. Waanzilishi walikuwa watatu, Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim, wote wamewahi kufanya kazi PayPal, kampuni ya kulipana kwa njia ya mtandao. Video ya kwanza kabisa aliipandisha Karim tarehe 23 Aprili 2005: sekunde kumi na kitu, kasimama mbele ya tembo kwenye bustani ya wanyama ya San Diego, anasema jambo la kupendeza kuhusu tembo ni kwamba wana mikonga mirefu sana. Ndiyo hivyo tu. Ukiilinganisha na video zako za kubadilisha vioo, wewe ni profesa.

Mwenzako wa pili hapo ndipo anapopatia: faida haikuwepo. Biashara ya video ni ya ajabu kwa kuwa kila mteja anayeingia anakutia gharama. Duka la vitenge likijaa watu mwenye duka anafurahi. Tovuti ya video ikijaa watu, bili ya kusafirisha zile video na ya seva za kuzihifadhia inapanda siku hiyohiyo, awe amelipa mtu au hajalipa. Katikati ya mwaka 2006 YouTube ilisema inatazamwa mara milioni 100 kwa siku na inapokea video mpya kama 65,000 kila siku. Hebu fikiria bili hiyo. Waliokuwa wanaibeba ni wawekezaji wakiongozwa na kampuni ya Sequoia Capital, waliokuwa wametia jumla ya dola milioni 11.5. Hela hiyo ingekwisha. Ama wangepata mtaji mkubwa zaidi, ama wangepata mnunuzi.

Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi: Google ilikuwa tayari na tovuti yake ya video. Iliitwa Google Video, ilianza Januari 2005, yaani kabla ya YouTube yenyewe. Pesa ipo, wahandisi wapo, seva zipo. Ikaachwa nyuma na vijana wa juu ya duka la piza.

Kwa nini? Hapa nakaa kidogo, maana ndipo jibu lako lilipo. Google Video ya mwanzo ilikuwa na tabia ya karani wa serikali. Ukipeleka video yako, inakaa kwanza ikisubiri kukaguliwa. Anayetaka kutazama naye hapo awali alitakiwa aweke programu maalumu ya kuchezea video. Na nguvu zao nyingi walizielekeza kwenye vipindi vya televisheni na kuuza video za makampuni makubwa. YouTube walifanya kinyume. Ukipandisha, inaonekana papo hapo. Inachezwa ndani ya ukurasa uleule kwa programu ya Flash, ambayo kompyuta nyingi zilikuwa nayo tayari. Na juu ya yote, ungeweza kuichukua video ukaibandika kwenye ukurasa wako wa MySpace, mtandao wa kijamii uliotamba enzi hizo, na rafiki zako wakaitazama hukohuko bila kujua hata ilikotoka. Kila aliyebandika alikuwa anaitangazia YouTube bure. Video haikuwa na ubora, mara nyingi ilikuwa na ukungu kama kioo cha daladala siku ya mvua, lakini ilicheza.

(Ilicheza huko kwao, niseme ukweli. Mimi mwaka 2006 nilikuwa natazamia kwenye intaneti kafe ya mjini Dar es Salaam, nalipia nusu saa nusu saa. Video ya dakika tatu ilikuwa inakula nusu saa yote, nayo bado haijafika mwisho. Intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika hapa Julai 2009, na ndipo kutazama video kukaanza kuwa jambo la mtu wa kawaida.)

Kwa hiyo Google walipokaa mezani na Hurley na Chen hawakuwa wananunua teknolojia. Teknolojia walikuwa nayo. Walikuwa wananunua yule mama wa rafu ya kushoto, mara mamilioni. Na vitabu vyao vya hesabu vinasema hivyohivyo kwa lugha yao: katika bei waliyoandika, zaidi ya dola bilioni moja iliwekwa kwenye fungu ambalo wahasibu hulitumia kwa kitu kisichoshikika, yaani jina na wateja waliozoea duka. Kilemba, kwa Kiswahili cha Kariakoo.

Je, kilikuwa kikubwa mno? Aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Google, Eric Schmidt, aliulizwa jambo hili baadaye akiwa chini ya kiapo, kwenye kesi nitakayoifikia. Alisema kwa makadirio yake YouTube ilikuwa na thamani ya kama dola milioni 600 hadi 700. Maana yake walijua kabisa kwamba wanaongeza karibu bilioni nzima juu. Lakini Yahoo nayo ilikuwa inainyemelea, na kampuni inayokua kwa kasi ile usipoinunua wewe, mwakani unaikuta mikononi mwa mshindani wako. Mimi naona walilipia hofu pia, na sioni aibu yoyote hapo. Hata mjomba alipandishiwa bei kwa kutajiwa tu kwamba kuna mtu mwingine wa Mtaa wa Swahili anaitaka ile fremu.

Sasa la taslimu. Hapa jamaa yako wa kwanza alipe chipsi. Google haikutoa noti; ilitoa hisa zake yenyewe, kama milioni 3.2 hivi, pamoja na haki nyingine za hisa. Si kwamba haikuwa na fedha, kwa maana ilikuwa na akiba ya dola bilioni 10 na ushee. Lakini hisa zilikuwa na faida mbili. Kwanza, kampuni yote wakati huo sokoni ilikuwa na thamani ya kama dola bilioni 130, kwa hiyo kuipata YouTube kulimaanisha kumega asilimia moja na kidogo ya mkate wao. Pili, ukimlipa mtu kwa hisa zako, mafanikio yako yanakuwa mafanikio yake. Hana haraka ya kubeba begi. Hurley aliendelea kuiongoza YouTube mpaka 2010.

Mgawanyo ulijulikana Februari 2007, hisa zilipoandikishwa kwa ajili ya kuuzwa. Kwa bei za siku zile, Hurley alikuwa na hisa za kama dola milioni 345, Chen kama milioni 326. Karim, aliyekuwa amejitoa mapema kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Stanford, alipata kama milioni 64. Sequoia, waliokuwa wametia sehemu ya zile milioni 11.5, walitoka na kama milioni 442.

Na kama kuna aliyezishika hisa zile bila kuziuza, hesabu inazidi kunoga. Oktoba 2006 hisa moja ya Google ilikuwa dola 400 na ushee. Mwaka 2014 kila hisa iligawanywa ikawa mbili, na mwaka 2022 kila moja ikagawanywa tena ikawa 20. Maana yake hisa moja ya wakati ule leo ni hisa 40. Hata ukiziuza kwa dola 150 tu kila moja, unapata 6,000. Mwenye taslimu angebaki na zilezile 400 zake. Lakini siku ile ya 2006 hakuna aliyejua hivyo, kwa hiyo usimcheke aliyeuza mapema.

Narudi kwa mjomba, kwa sababu kilemba kina upande wa pili. Wiki ya tatu baada ya kuhamia alikuja mtu na daftari, akasema mpangaji wa zamani alichukua mzigo kwake na hajalipa, na yeye anaijua fremu, hamjui mjomba. Mjomba alikuwa mjanja. Sehemu ya kilemba alikuwa ameizuia, wakikubaliana ataimalizia baada ya miezi kadhaa kama hakuna deni litakalojitokeza. Google walifanya jambo lilelile kwa kalamu za mawakili: asilimia 12.5 ya hisa za malipo iliwekwa kando kwa mwaka mmoja, iwe ngao iwapo yatazuka madai.

Madai yalikuwa yananukia tangu mapema. Watu walikuwa wanapandisha YouTube vipindi vya televisheni, miziki, mechi, kila kitu. Matajiri wengine walikuwa wanasema waziwazi kwamba mtu atakayeinunua tovuti ile atakuwa kanunua kesi. Ndiyo maana siku ileile ya Oktoba 2006 YouTube ilitangaza pia makubaliano na Universal Music, Sony BMG na CBS. Warner Music walikuwa wameshakubali mwezi mmoja nyuma. Lakini Viacom, wenye MTV, hawakuridhika. Machi 2007 walifungua kesi wakidai zaidi ya dola bilioni moja, wakisema vipande karibu 160,000 vya vipindi vyao vilikuwa YouTube bila ruhusa na vilikuwa vimetazamwa zaidi ya mara bilioni 1.5.

Kesi ilisukumwa miaka saba. Swali lilikuwa moja: mwenye soko anawajibika kwa kila bidhaa ya wizi iliyowekwa kwenye meza ya mchuuzi? Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inasema mwenye tovuti hatawajibika iwapo akijulishwa anaondoa haraka. Jaji alikubaliana na YouTube mwaka 2010, mahakama ya rufaa ikairudisha kesi 2012, jaji akasema tena vilevile 2013, na Machi 2014 pande mbili zikapatana nje ya mahakama. YouTube ya peke yake, yenye mtaji wa milioni 11.5, ingewalipa mawakili hao kwa hela gani? Ingekufa hata kabla ya hukumu ya kwanza. Hilo ndilo naliona kubwa kuliko yote katika ununuzi huu: Google ilikuwa na kifua cha kupigwa kesi.

Na hapa ndipo redio ya jirani yako inapoingia. Mwaka 2007, kesi ikiwa mbichi, YouTube ilianzisha mtambo unaoitwa Content ID. Mwenye wimbo anawapa nakala ya wimbo wake, mtambo unauchambua na kuuwekea kitu mfano wa alama za vidole, kisha kila video inayopandishwa inalinganishwa na alama hizo. Mtambo haujui wala haujali kwamba wewe ulikuwa unafundisha kutoa kioo cha simu na wimbo ulitoka kibanda cha pili. Umesikia, basi. Mwenye wimbo alishachagua tangu mwanzo afanye nini: azuie video, aache ionekane lakini hela ya matangazo iende kwake, au atazame tu takwimu. Mara nyingi wanachagua hela. Dai la namna hiyo si onyo la kufungiwa chaneli. Ni mapato ya video hiyo moja ndiyo yanayobadili mfuko. Ukiingia kwenye kihariri cha YouTube unaweza kukata kipande kile au kunyamazisha sauti yake, na dai likaondoka. Kama sauti yako ya maelezo imo hapohapo, jaribu ile njia ya kufuta wimbo peke yake, ingawa si kila mara inafanikiwa.

Kuhusu mngekuwa wapi bila Google, nitakupa maoni yangu kwa kuangalia waliopita njia hiyo. Wazo la kumlipa mpandisha video halikuzaliwa YouTube. Lilikuwepo jukwaa la Revver, lililoanza 2005 na kugawana hela ya matangazo nusu kwa nusu na mwenye video. Leo halipo. Nia walikuwa nayo. Walichokosa ni watangazaji wa kutosha. Google ilikuwa na mashine ya matangazo inayofanya mnada kila sekunde, na mpango wa kugawana mapato na wenye chaneli ulianza 2007, baada tu ya ununuzi. Kwa video ndefu mgao wa mwenye chaneli ni asilimia 55, kwa zile fupi za Shorts asilimia 45.

Lakini usidhani kununuliwa na mkubwa ni dawa. MySpace ilinunuliwa na News Corp mwaka 2005 kwa dola milioni 580, ikauzwa 2011 kwa kama milioni 35. Vine, programu ya simu ya video za sekunde sita, ilinunuliwa na Twitter 2012, na miaka minne baadaye ikatangazwa kufungwa. Waliojenga majina yao pale walilala na watazamaji, wakaamka hawana. YouTube yenyewe ilichukua miaka mingi kuonyesha ilichoingiza. Google ilificha hesabu zake mpaka Februari 2020, ndipo tukaambiwa matangazo ya YouTube yaliingiza zaidi ya dola bilioni 15 mwaka 2019. Bilioni 1.65 mara tisa, kwa mwaka mmoja. Mwenzako wa pili, anayesema Google walipigwa, hapo naye achangie soda.

Kwako wewe hesabu ni hii. Ili uanze kulipwa matangazo kwa njia ya video ndefu unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000; kama mtu wa kawaida anakaa dakika nne kwenye video yako, zinahitajika mara 60,000 za kutazamwa. Video za ufundi zina bahati: mtu aliyefungua simu yake mezani, skrubu zimetapakaa, hawezi kukuacha katikati. Ukishakubaliwa, jaza ile fomu ya kodi ya Marekani mapema, maana tangu 2021 wanakata kodi kwenye mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani, na asiyejaza anaweza kukatwa kwenye mapato yake yote. Pesa inatumwa ikifika dola 100. Usishtuke ikichelewa kufika huko: tangazo linanunuliwa kwa mnada, na anayetaka kumfikia mtu wa Morogoro au Mwanza anataja bei ndogo kuliko anayemtafuta mtu wa Chicago.

Chipsi kuku anunue yule wa taslimu. Na kabla hujabonyeza kurekodi, mwombe jirani azime redio.